Nyota na Njia ya Fizi

Juzi mjukuu wangu alilia kwa kushindwa mbio fupi, nikamkumbuka dada yangu Nyota. Utotoni kule Baraka, kando ya ziwa, kila tulipokimbilia mitumbwi ya samaki, alifika wa mwisho. “We kobe, utakuta mifupa,” tulimtania.

Alasiri moja baba alishika njia ya Fizi, akasahau kitabu chake cha kodi. Bila kitabu hicho askari wangemfunga. Tukamfuata mbio. Mimi niliishiwa pumzi mapema. Nyota alinipita na kitabu mkononi, akipumua polepole, nikadhani hajitahidi. Leo najua mwili wake ulipenda safari ndefu. Mbio zetu zilikwisha kabla haujaamka.

Alirudi jioni, ananuka vumbi na jasho, anatabasamu.

“Ulimupata?” mama aliuliza.

“Nilimupata mbali, mama. Akisahau tena kitu, munitume mimi.”