Mabibo Yaliyozima Jiko la Mama

Sisi tuliokulia Naliendele miaka ile tulinuka samadi, na tulijidai nayo! Wenzetu wakitoka shule walikimbilia mpira. Sisi tulikimbilia banda la ng'ombe, tukakoroge kinyesi na maji mpaka kiwe uji, kisha tuumimine kwenye mtambo wa gesi nyuma ya jiko. Humo shimoni, pasipo hewa, viliishi vijidudu vinavyokula samadi na kutoa methani. Mama, mwalimu aliyehamia kutoka Kagera, aliviita "wanangu wa chini." Alivipenda kwa sababu moja: moshi wa kuni ulikuwa unammaliza kifua, na tangu tuanze kupikia gesi ile, pumu ilimwachia.

Ukaja msimu wa korosho. Mnajua wenyewe mabibo yanavyozagaa chini ya mikorosho, yanaoza, nzi kila mahali. Baba, karani wa bandarini, akaona hiyo ni mali ya bure. Tukajaza shimo mabibo, leo, kesho, keshokutwa. Moto ukafifia, ukatapatapa, ukazimika. Mama akarudi kwenye kuni, na kifua kikaanza tena kumbana. Nilimsikia akikohoa jikoni nikaogopa kweli.

"Umewanywesha uraka wanangu!" Mama alimfokea Baba, maana pombe ya uraka ni hayohayo mabibo yakichacha. "Shimo zima limechachuka!"

Baba naye akawaka: "Moto usiporudi kabla ya Krismasi, nalifukia."

Tukapunguza ule uji mchachu kwa ndoo, tukaumwaga shambani. Mama akatia majivu ya kuua uchachu, kisha samadi mbichi, kidogo kidogo, kama anayemlisha mgonjwa. Kila asubuhi alifungua koki, akawasha kiberiti. Wapi! Ilitoka hewa ya kuzima njiti tu. Hakukata tamaa, mama yule.

Krismasi ikikaribia, puu! Moto wa buluu. Mama alipiga vigelegele peke yake mpaka jirani yetu akaja mbio akidhani kuna posa. Baba akasimama mlangoni, akakuna kichwa. "Mwalimu, umeshinda." Ndizi za sikukuu zikaivia hapo, nasi watoto tukatembea mtaani vifua mbele.

Siku hizi mtungi wa gesi ukiisha, wanangu wanabonyeza simu, wanarudi kwenye kochi. Ukiwasimulia habari za kinyesi wanaziba pua, hao masharobaro! Sawa, maisha yamewarahisikia, nami nafurahi. Ila natamani wangeonja fahari ile. Jumapili iliyopita bibi yao, na uzee wake wote, aliimba kanisani wimbo mzima bila kukohoa. Wao walikuwa wanachezea simu. Mimi nilikuwa nalia, kwa kuwa pumzi ile tuliibeba kwa ndoo.