Pikapu Iliyoletwa Mara Tatu

Duka langu la vipuri limepakana na gereji ya fundi tuliyembandika jina la Sikio, kwa hiyo haya nimeyaona mwenyewe, sikuhadithiwa. Jina alilipata kwa namna alivyofanya kazi. Alikuwa na kipande cha mpira wa kumwagilia maji, urefu wa mkono mmoja. Ncha moja aliitia sikioni, nyingine aliipitisha juu ya injini inayounguruma, polepole, mpaka asimame na kusema, "Hapa." Akifungua, kweli ni hapo. Mafundi wengine walipoanza kununua mashine za kupima, zile za kuchomeka chini ya usukani zikatoa namba ya hitilafu, yeye aliwacheka hadharani. Alisema wamekuwa wasomaji, si mafundi tena. Mdomo alikuwa nao, hilo halina ubishi.

Basi nilishangaa siku dada yake alipoleta pikapu. Dada huyo amemzidi miaka saba. Hukodisha viti na mahema, na pikapu ile kuukuu ndiyo inayombebea. Injini ilikuwa inamisi: gari likisimama linatetemeka, likipanda mlima linakata pumzi, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Sikio hakuugusa mpira wake. Alikwenda kuazima mashine kwa fundi wa mtaa wa nyuma, akaja nayo imefungwa kwenye gazeti utadhani mali ya wizi.

Mashine ilisema injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Akaja dukani kutaka sensa ya oksijeni, kile kipimo kinachokaa kwenye ekzosi. Nikampa. Mimi ni muuza vipuri, sikumuuliza swali. Akamwambia dada yake gari limepona. Baada ya wiki likarudi vilevile, naye akachukua sensa nyingine, ya kupima hewa inayoingia. Akasema limepona tena.

Hapo aliniudhi. Huyu ndiye aliyetufundisha mtaa mzima kwamba sensa ikilalamika si lazima iwe mbovu, huenda inasema kweli. Leo anazibadilisha moja baada ya nyingine, kama mtu anayemng'oa meno mgonjwa wa tumbo.

Mara ya tatu dada alifika asubuhi, viti vimejaa nyuma.

"Kesho napanda mlimani na mzigo huu," alisema. "Jana limenizimikia kwenye kona, lori liko nyuma yangu. Niambie ukweli, mdogo wangu. Niende, nisiende?"

Sikio akautoa mpira. Nami nikatoka dukani nikasogea, maana nilikuwa nimeukosa mchezo ule kwa muda mrefu. Aliupitisha juu ya injini mara moja, mara mbili, mara tatu. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Hakuna kitu," akasema.

Dada uso ukamkunjuka. Sikio lile alikuwa akiliamini kuliko mashine yoyote. Akafunga boneti, akapanda, akatia gia. Ndugu yake akasimama mbele ya gari, mikono yote miwili juu ya boneti.

"Shuka, dada. Njoo usikilize wewe."

"Mimi najua nini mambo ya injini?"

"Huna haja ya kujua. Tafuta tu panapofyonza."

Akafungua boneti tena, akamshikisha mpira. Dada alizunguka nao hadi nyuma ya injini, akashtuka. "Mh! Hapa! Panafanya sss, hamsikii?"

Sikio akaingiza mkono pale, akatoka na kipaipu cha hewa kilichopasuka upande wa chini. Hewa ilikuwa ikipenya humo bila kupimwa. Zile sensa za zamani zilikuwa zimesema kweli tangu siku ya kwanza. Nikaleta kipaipu kipya, akakifunga, injini ikatulia.

"Mlio wote ule hukuusikia?" dada akauliza.

"Sisikii, dada. La kushoto lilikufa zamani, la kulia linafuata. Nimeona aibu kusema."

"Na zile mara mbili uliponiambia limepona?"

"Nilikuwa nabahatisha."

Nilingoja amporomoshee matusi, kwa sababu namjua. Hakufanya hivyo. Aliitazama gereji yote, kutoka ukuta hadi ukuta.

"Magari mangapi ya watu umeyabahatisha?"

Sikio alifikiri, macho chini. "Ya mwaka huu, yote."

Dada akavuta kigoda akaketi, akamwambia atoe simu. Ilibidi kila mwenye gari aambiwe alirudishe. Sikio alikuwa anasema yake, kisha ananipa simu nimsikilizie majibu. Tulianza na dereva wa basi la shule.