Madam Tumaini na Homework ya Ng'ombe

Jamani, kichwa changu kimegoma kukubali. Jumamosi tumemzika Madam Tumaini kwao Kambarage, Shinyanga mjini, na leo Jumatatu nimeingia staff room nikauliza kwa sauti, "Madam, chaki umeficha wapi tena?" Kiti kitupu. Wenzangu wakainamisha vichwa.

Wiki mbili tu za kuumwa. Basi.

Kwa msiomfahamu: alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule yetu ya kata huku Ushetu, na rafiki yangu wa miaka miwili. Mimi nafundisha Kiswahili. Hesabu nilipata F, na Madam alihakikisha hakuna mwanafunzi asiyelijua hilo.

"Herufi x haimo kwenye Kiswahili chako, ndiyo maana unaiogopa!" Alikuwa ananiambia hivyo mbele ya watu, kisha ananimegea nusu ya chapati yake.

Leo sitaki kulia. Nataka niwasimulie ile homework.

Alikuwa na wiki tatu tu kazini. Mtoto wa mjini, wazazi wake wanauza vitenge, ng'ombe alikuwa anamjua kwenye supu. Akawapa Form Two homework ya aljebra: kamwulize baba ana ng'ombe wangapi, tunga mlinganyo, mwenzako atafute x.

Mimi niliyezaliwa huku ningemwonya. Sikuulizwa. Huku kwetu humwulizi mtu idadi ya ng'ombe wake, ni kama umwambie akufungulie simu usome salio.

Jumatatu madaftari yakaja. Baba hana ng'ombe. Baba hana ng'ombe. Baba hana ng'ombe. Mmoja akaandika, "Baba anao wawili, ila ni wa jirani." Na muda huohuo dirishani linapita kundi la ng'ombe, vumbi mpaka kwenye vikombe vyetu vya chai. Nilicheka nikamwaga yangu.

Kesho yake wakaja akina baba watatu, mbele yao Baba Kabula, kofia mkononi. Hapo kicheko kikaniisha. Kabula alikuwa binti anayeongoza hesabu darasa zima, na huyu ndiye baba yake.

"Mwangaluka, madam," akamsalimia kwa Kisukuma. "Sisi tunakuheshimu. Ila hao ng'ombe, nani kakutuma uwahesabu?"

"Hakuna, baba. Ni hesabu tu."

"Yaya! Hapana. Kabula atakuja shule, sawa. Lakini hizo homework, basi. Jioni ana ng'ombe wa kuingiza zizini na maji ya kuchota."

Nikamwona Madam amebadilika uso. Kabula bila homework angekuwa Kabula wa kawaida tu, na wote tunajua wasichana wa kawaida huku wanaishia wapi.

Akachukua chaki. Akaandika x kubwa ukutani. Ukutani, jamani! Mkuu wa shule alikohoa.

"Baba, usiniambie wako wangapi. Idadi kaa nayo. Mimi nimeiita x. Wewe unaijua, mimi siijui, na hesabu inakwenda hivyohivyo."

"Kwa hiyo hujui?"

"Sijui."

"Wakizaa kumi?"

"Ni x kujumlisha kumi. Bado sijui."

"Wakiibiwa watatu?"

"x kutoa tatu."

Baba Kabula akawageukia wenzake. "Hii hesabu ina adabu."

Akafikiri kidogo, akauliza kwa ujanja, "Na wakija kumposa Kabula na ng'ombe ishirini?"

"x kujumlisha ishirini," Madam akasema. "Ila baba, hiyo tunaifanya akimaliza chuo."

Mzee alicheka mpaka akakaa. Akaondoka amempa Kabula saa nzima, kumi na moja hadi kumi na mbili jioni, saa ya homework. Kaka zake wakaambiwa kazi ya ng'ombe ni yao.

Kuanzia hapo Ijumaa ikawa sikukuu. Homework zinakwenda nyumbani, na nyumbani wanarudisha za kwao! Baba Kabula akawa anamtumia Madam maswali kupitia binti yake, mistari ya tumbaku, magunia, mbuzi. Moja la mbuzi lilimshinda Madam siku mbili. Kumbe mzee hakusema kwamba mmoja ana mimba. Madam akampigia simu, wakabishana, nasi staff room nzima hoi kwa kicheko.

Sasa Kabula yuko Form Four, na leo saa nne baba yake amekuja shuleni kutoa pole. Amesalimia kila mtu, amekaa.

Kisha akamwuliza mkuu, "Ijumaa hii nani anatoa homework?"

Mkuu akamweleza kwamba tumeomba mwalimu mwingine, tunasubiri.

"Mkisubiri, Kabula hana homework. Akikosa homework, jioni yake inarudi kwa ng'ombe. Mimi sitaki irudi."

Kila mtu anaangalia meza yake. Nikasikia mtu anasema, "Mimi nitatoa."

Ni mimi, jamani. Mimi mwenye F!

Baba Kabula akanipa mkono. Kabula alikuwa mlangoni, macho mekundu, akasema taratibu, "Mwalimu, usiogope. Nitakufundisha."

Tumaini, rafiki yangu, nimekumiss vibaya sana. Chaki zako nimezipata, zilikuwa ndani ya boksi la glovu za maabara, mchoyo wewe. Nimeanza mlinganyo wa kwanza, nimekosea mara nne, na Kabula amenicheka kama wewe ulivyonicheka.

Wewe lala, mama. Lala kabisa. Ijumaa homework ipo.