Wote Arobaini Mtaroni

Korkor Narh wa Odumase hakuwa mtu wa kunyamaza, na mdomo huo ulishamponza kazini mara mbili kabla hajafika miaka thelathini. Mara ya tatu kosa lilikuwa lake mwenyewe.

Soko jipya la shanga lilikuwa na safu mbili za vibanda: moja ikitazama barabara, nyingine ikitazama mtaro unaonuka. Ili kusiwe na upendeleo, kamati ya soko ilimpa Korkor kazi ya kuandika programu ya kompyuta ya kugawa vibanda kwa kura ya bahati. Kila muuzaji alitoa jina lake na neno alilolichagua mwenyewe. Kompyuta ikavisaga pamoja, ikatoa heshi, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu usiobashirika. Mfuatano ule ukageuzwa namba, namba ikagawanywa kwa mbili. Ikibaki moja, barabarani. Isipobaki kitu, mtaroni.

Kina mama arobaini walipiga kura. Wote arobaini wakaangukia mtaroni, mama yake Korkor akiwamo.

“Mgawa riziki ni Mungu,” alisema Mwenyekiti Teye, akijikaza asicheke. Vibanda vya barabarani sasa kamati ingevigawa “kwa busara”, na kila mtu alijua busara hiyo ina mashemeji wangapi.

Korkor alifungua kompyuta palepale, akaiona aibu yake. Namba zilikuwa na tarakimu zaidi ya sabini. Yeye aliziweka katika aina ya namba inayoshika kumi na tano hivi za mwanzo na kukadiria mkia wote uliobaki. Namba kubwa ikikadiriwa hivyo, siku zote hutoka shufwa, haibakizi kitu ikigawanywa kwa mbili. Kwa uvivu, alikuwa ameijaribu kwa namba fupi tu.

“Achana nayo, binti,” Mwenyekiti alimnong’oneza. “Ukisema umekosea, nani atakupa kazi tena mji huu?”

“Usinipe!” Akapanda juu ya benchi. “Kina mama! Nimekosea mimi, Korkor! Hata sarafu, irushe mara arobaini, itaangukia upande mmoja tu?”

Akabadilisha mstari mmoja, heshi isomwe kama namba kamili, mkia na vyote. Akaendesha kura upya kwa maneno yaleyale, wanawake wakiwa wamemzonga mabegani. Kumi na tisa wakaenda barabarani. Mama yake akabaki mtaroni.

“Haya,” Mwenyekiti sasa alicheka waziwazi. “Kazi umepoteza, na mama yako bado ananusa mtaro.”

Mama alishajitwika kapu lake la shanga.

“Nitaunusa,” alimwambia Mwenyekiti. “Ila hukunipeleka wewe.”