Mkono Niliouficha Mwanjelwa

Nakumbuka asubuhi niliyotoka Nyololo, mwanangu, nimekaa juu ya lori la mbao, cheti cha kidato cha nne nimekificha kwenye soksi. Nilitaka kwenda mbele tu, ikibidi hadi Zambia. Usingizi ulinipitisha Mwanjelwa, nilikotaka kubadilisha gari, nikateremshwa Iyunga, nikarudi kwa miguu. Njaa ndiyo iliyonisimamisha kwenye karakana ya Mzee Salimu.

Juzi umeniambia unakwenda kusomea kupaka utando wa metali iitwayo niobi ndani ya vyumba vya shaba vya mashine za kuharakisha chembe za atomi. Utando mwembamba kuliko unywele, ulisema, na ukipozwa sana umeme hupita humo karibu bila kupoteza nguvu. Mimi sijui hata nusu ya hayo. Lakini ulipotaja kwamba alama ya kidole inaweza kuuharibu, chai ilinipalia.

Mzee Salimu, ambaye wazazi wake walitoka Tanga, alipaka bati lililoyeyushwa ndani ya masufuria makubwa ya shaba, yale ya pilau za harusi. Shaba tupu ikikutana na ndimu hudhuru walaji, na bati ndilo linalowakinga. Kazi yangu ilikuwa kusugua kwa mchanga na asidi mpaka shaba ing'ae, kisha nisiiguse. Mafuta ya mkono, alisema, wewe huyaoni, bati linayaona. Hakunikagua kamwe. Aliuliza tu, na jibu langu lilimtosha.

Siku moja basi la Tunduma lilikuwa likipiga honi barabarani, na miguu yangu ilishaanza kuwasha. Niligeuka kulitazama. Sufuria ikayumba, nikaidaka kwa kiganja kizima, kwa ndani. Kusugua upya kungekula nusu siku. Nikaiweka tayari kwa kupakwa.

"Umeshika ndani?"

"Hapana, Mzee."

Akawasha moto, akapaka.

Siku ya harusi iliyopikiwa kwa sufuria ile, Mzee alipita kuamkia wapishi, akakuta mwiko unapanda na magamba ya bati. Aliomba chakula chote kimwagwe. Mama wa bibi harusi alilia, wageni wakanung'unika. Mzee alisimama mbele yao akasema kosa ni lake, amezeeka. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimebeba kikapu cha vyombo.

Wiki nzima hakuna aliyeleta sufuria. Siku ya nane alinikuta nafunga begi.

"Wewe Mhehe utahama hata kaburini," alinitania. Kisha akashusha sauti. "Niambie kabla hujaenda, mwanangu. Ulishika?"

Mlango wa kukiri ulikuwa wazi, mwanangu, alinifungulia mwenyewe. Nikasema hapana.

Akatazama mikono yake. "Basi ni macho yangu," akasema, akaanza kufungia nyundo zake kwenye gunia, kama anayeacha kazi.

Nilipanda basi nikimwacha anafunga. Sikurudi. Tangu hapo nimekaa Sumbawanga, Njombe, Iringa, Makambako, na kila mji hunichosha kabla sijajua majina ya majirani.

Kwa hiyo shika hili. Utakosea, kwa sababu una mikono. Ukikosea, sema kabla utando haujapakwa, na kama umechelewa, sema hata hivyo, maana kuna mtu mwema anayejilaumu kwa kosa lako. Mungu akufikishe salama, akupe mwalimu anayekuamini, na asikuache umpokonye mtu imani katika mikono yake mwenyewe.