Nukta za Eufrazia

Godlisten alikuja Morogoro kutoka Machame kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, na kwa miaka tisa alipiga gitaa katika bendi ya wafanyakazi. Mpiga besi alikuwa rafiki yake Oscar, fundi mitambo. Oscar alikuwa ameng'oa vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa lake la besi, ili sauti iteleze. Vidole visipotee, mkewe Eufrazia akamwekea nukta nyeupe ubavuni mwa shingo, kwa rangi ya kucha.

Oscar alifariki kwa homa mwaka 1993. Mwaka uliofuata kiwanda kiliuzwa, mashine zikapakiwa kwenye malori, wafanyakazi wakaachishwa.

"Shemeji, lichukue," Eufrazia alimwambia Godlisten, akimkabidhi lile besi. "Hapa nyumbani linaniangalia tu."

Godlisten akajiunga na bendi ya baa moja mjini, akipiga besi lile. Nyuzi zikipigwa wazi, bila kubonyezwa, zilikuwa sawa; akibonyeza penye nukta, sauti ilipinda. Wenzake walidhani amelewa. Akamfuata Eufrazia sokoni, alikokuwa akiuza kabichi za Mgeta.

"Nilipaka nikifuata kidole cha Oscar," Eufrazia akasema. "Ndani ya kiwanda, mashine zikinguruma. Alisema anautafuta mlio wa mashine hizo."

Mchana mmoja Bonifasi, mwenzao wa zamani aliyebaki kama mlinzi, alimfungulia Godlisten jengo la kiwanda. Sakafu ilikuwa tupu, mashimo ya boliti tu. Godlisten akachomeka besi kwenye spika ndogo ya betri, akabonyeza nukta ya tatu.

Kisha akafunika nyuzi kwa kiganja. Mlio haukukoma. Ulimpanda kutoka kwenye nyayo, mlio uleule wa miaka tisa, na vumbi la pamba likaanza kudondoka kutoka darini.

Bonifasi aliingia mbio. "Nani amewasha mashine?"

"Mashine zipi, Bonifasi?"

Wakasimama wakitazamana mpaka mlio ulipofifia wenyewe.

Jioni ile Godlisten alimsimulia Eufrazia, akaomba ruhusa ya kuzifuta nukta.

"Ulisikia mashine tu?" Eufrazia akauliza.

"Mashine tu, shemeji."

Eufrazia akalipakata gitaa, akachukua wembe, akazikwangua mwenyewe, moja moja.

Godlisten akapaka nyingine, akipima kila sauti kwa kinanda cha parokia. Alipiga kwenye bendi ile miaka sita, na wenzake hawakulalamika tena. Barabara ya kiwandani hakuipita. Hata akienda mtaa wa Mazimbu, upande uleule, alizunguka.