Kompyuta yangu imeunguzwa, na anayetakiwa kuomba msamaha ni mimi

Admin, nifiche tafadhali, maana huku milimani Same tunajuana mpaka mbuzi. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne na ninaishi na mama, ambaye ni mjane. Mimi ni mtu wa kimya. Wageni wakija huwa nabaki jikoni mpaka waondoke. Hata kuandika hapa si kawaida yangu, ila safari hii hasira imenizidi.

Tangu niko shule napenda gemu za kompyuta. Si zile nzito, ni za mpira, za magari, na ile ya kulima shamba na kufuga. Nikicheza, hakuna anayeniuliza kwa nini siongei. Baada ya mitihani mama alinipa matuta yangu ya tangawizi. Nimepalilia mwenyewe, nimevuna mwenyewe, nimebeba kichwani mpaka barabarani lori linapopakilia. Nikamwambia mama pesa hiyo ni ya kompyuta, akakubali.

Nilipanga kwa miezi. Nilisoma kwenye simu ya mama mpaka nikaelewa, nikaandika kwenye karatasi: kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini, RAM ya kuongeza kasi, SSD ya kuhifadhia gemu, na kadi ndogo ya picha, ile isiyohitaji waya wake wa umeme. Hiyo kadi niliipigia mistari miwili, kwa sababu pawa saplai, yaani vifaa vya kugawa umeme ndani, za kompyuta hizo za ofisini ni dhaifu, hazibebi kadi kubwa.

Anayeyajua maduka ya Arusha ni kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye anatengeneza simu Same mjini. Nikampa pesa na karatasi. Akasoma, akacheka.

"Mdogo wangu, kikadi hiki cha kuchezea nini, bao? Niachie mimi, nitakuletea mashine."

Aliileta Jumapili baada ya ibada, ndugu wamejaa sebuleni kuiona. Kasha la kioo lenye taa za rangi, na kadi kubwa kama tofali! Pawa saplai ni ileile ya ofisini. Waya wa kadi alikuwa ameuunga kwa kukata waya mwingine na kuzungushia selotepu. Alipomaliza kunywa chai, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Kaka, naomba usiwashe. Umeme wake hautoshi."

Akawageukia watu. "Jamani, nyamazeni, injinia wa tangawizi kaongea!"

Wakacheka wote. Shangazi alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge. Kaka akawasha, taa zikawaka, wakapiga makofi. Akafungua gemu ya magari. Haikupita dakika, ikalia paa! Moshi ukatoka nyuma na skrini ikawa nyeusi. Sebule nzima ikanuka plastiki.

Mnajua alisema nini? "Huyu kaifungua wakati nakunywa chai. Kagusa waya."

Mimi! Mimi niliyekuwa jikoni naichemsha hiyo chai aliyokunywa!

Ndipo likanitoka, mbele ya baba mkubwa na watu wote: "Muongo!"

Tangu hapo kompyuta ikasahauliwa. Hakuna aliyeuliza nani aliunga waya. Kinachozungumzwa ni kwamba mtoto wa kike kamwita mkubwa wake muongo. Kaka akabeba kila kitu, hata RAM na SSD ambazo huenda ni nzima, akaondoka navyo.

Katika ukoo wetu, aliyemtusi mkubwa hupeleka kuku, akasimama mbele ya wazee na kusema, "Nimelifuta neno langu." Kuku akishaliwa, jambo lile halitajwi tena na mtu yeyote. Yaani nikisimama pale, sitaweza hata kudai vifaa vyangu, na nitabaki kuwa msichana aliyeunguza kompyuta yake mwenyewe. Nisiposimama, baba mkubwa amesema mama atafute pengine pa kulima, maana shamba ni la ukoo na msemaji wa ukoo ni yeye.

Jana nilimuuliza mama, "Na wewe unaamini niligusa?"

Akaendelea kumenya ndizi. "Najua hukugusa, mwanangu. Jumapili utabeba kuku."

Hilo limeniuma kuliko kompyuta. Kama angeniambia nimekosea, ningelia yakaisha. Lakini anajua, shangazi anajua, na nadhani hata baba mkubwa anajua, na wote wananisubiri mimi niseme uongo ili wale kwa amani.

Msiniandikie kwamba nisamehe, kusamehe ninaweza. Ninyi wenye umri wa mama yangu, na ninyi mliowahi kusimamishwa mbele ya wazee, niambieni: nilifute neno ambalo ni kweli, au nimponze mama akose shamba? Jumapili ni keshokutwa.